Nyayo Kumi na Moja

Mpima ardhi alifika Jumamosi saa tatu asubuhi, na kabla hajashusha vyombo vyake garini alikuwa ameshang'amua kwamba nyumba hizi mbili hazisalimiani. Hakuna aliyemwambia. Aliona tu viti viwili vimetolewa nje kwa ajili yake, kimoja upande huu na kingine upande ule, akaelewa kuwa akikalia kimoja atakuwa ameshachagua. Kwa hiyo aliketi juu ya sanduku lake la vyombo, katikati ya ua, akafunga kamba za buti zake.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, kofia yake imepauka kwa jua.

"Mimi harusini sialikwi," alimwambia dada aliyesimama karibu naye. "Naitwa watu wakishagombana. Nikimaliza, wote wawili wananinunia mimi."

Dada huyo alitabasamu kwa adabu, akamuuliza kama angependa chai. Mpima alijibu kwamba atakunywa akishamaliza kazi, maana akinywa ya nyumba moja itabidi anywe na ya nyumba ya pili, na tumbo lake si la kuchezea.

Dada mwenyewe aliitwa Futi. Si jina alilopewa na wazazi, lakini lilimganda tangu utotoni, hata mama yake akawa anaitwa Mama Futi na kila mtu. Enzi hizo watoto wa mtaa mzima walikuwa wakichezea ua huu, ambao ulikuwa mmoja, hauna ukuta wala uzio, na mchezo wowote uliohitaji kipimo ulipimwa kwa nyayo za Futi. Umbali kutoka mstarini hadi kwenye kishimo cha gololi, mahali pa kusimama mrusha mpira wa soksi, nafasi kati ya washika kamba wawili. Watoto wengine walikuwa wakidanganya, wakiacha mwanya kati ya kisigino na vidole ili wafike mbali. Yeye aligusisha kisigino na kidole, taratibu, akihesabu kwa sauti, na wenzake wote walisimama wakingoja amalize, hata wale wasio na subira.

Sasa alikuwa na miaka thelathini, fundi miwani katika kliniki ya macho, na asubuhi hiyo alikuwa amevunja vikombe viwili. Alijua jambo ambalo mpima hakulijua, wala mama yake, wala mzee wa nyumba ya pili. Alikuwa amelinyamazia muda mrefu kiasi kwamba kunyamaza kwenyewe kulishakuwa sehemu ya tabia yake, kama kuamka mapema.

Mzee wa nyumba ya pili alikuwa mkuu wa shule mstaafu. Watu walimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha. Na mwanawe, kijana aliyesimama nyuma yake, mrefu, mwenye miwani ya fremu nyeusi, ndiye aliyekuwa sababu ya Futi kuvunja vikombe.

Huyo aliitwa Nyuki. Jina hilo nalo lilizaliwa uani hapo hapo. Katika mchezo wa kujificha alikuwa hawezi kujibanza mahali bila kuvuma. Akishaingia nyuma ya pipa au chini ya meza, amejiziba mdomo kwa viganja, sauti nyembamba ilimtoka puani, wimbo usio na maneno, na yeye mwenyewe hakuwa akiusikia. Wenzake walimkuta wa kwanza kila siku. Aliyekutwa wa kwanza ndiye aliyehesabu raundi iliyofuata, hivyo Nyuki alitumia nusu ya utoto wake akiwa amefumba macho, akihesabu mpaka hamsini.

Baadaye maisha yaliwatenganisha. Nyuki alikwenda kusomea ufundi wa lifti, akafanya kazi miji mingine, na kwa miaka kadhaa Futi hakumfikiria zaidi ya jinsi mtu anavyomfikiria jirani wa zamani. Mpaka siku moja, mwaka mmoja na nusu uliopita, aliponyanyua macho kutoka kwenye mashine ya kusaga lenzi akamwona amekaa kwenye kiti cha wateja, anataka miwani.

Ilibidi ampime umbali kati ya mboni mbili za macho. Kazi hiyo hufanywa kwa rula ndogo na kwa kutazamana. Fundi huketi mbele ya mteja, karibu kabisa, akamwambia atazame jicho lake la kushoto, kisha la kulia. Kwa wateja wengine huchukua nusu dakika. Kwa huyu Futi alipima mara tatu, kwa milimita. Sitini na nne. Sitini na nne. Sitini na nne. Rula ilikuwa imetulia, lakini pumzi yake haikutulia, na alikuwa karibu mno kuweza kuificha.

"Kuna tatizo?" mteja aliuliza.

"Hakuna. Nahakikisha."

"Wewe ni Futi," alisema, bila kuondoa macho. "Hakuna mtu mwingine anayepima kitu mara tatu."

Tangu hapo walikutana karibu kila jioni, kwenye benchi mbele ya duka la mikate, wakati kliniki imefungwa na Nyuki ametoka kukagua lifti zake. Hawakuzungumza mambo makubwa. Walizungumza gololi, na ile moja ya kijani iliyopotea ikazua ugomvi wa wiki nzima. Walizungumza mdako, vile vijiwe vitano vya kurusha na kudaka, ambao wavulana waliudharau mpaka Futi alipowashinda wote mchana mmoja. Nyuki aliokota kokoto chini ya benchi akajaribu, zikamponyoka. Futi alicheka mpaka mwuza mikate akatoka kuchungulia. Watu wazima wawili, mmoja amevaa koti jeupe la kliniki, wamechuchumaa barabarani wanarusha mawe.

Waliikumbuka michezo yote. Ule wa kujificha, hata hivyo, waliukumbuka nusu. Walitaja mapipa, walitaja kuvuma, wakafika mahali fulani wakahamia kwenye kuruka kamba. Futi aliliona hilo. Hakujua kama Nyuki naye aliliona.

Posa ilipotajwa ndipo nyumba mbili zilipokumbushana ugomvi. Mama Futi hakumkataa Nyuki mwenyewe. Alisema hivyo mara nyingi, pini zikiwa midomoni, akishona: kijana ana adabu, ana kazi, hana neno naye. Ila hawezi kumpeleka mwanawe kwa watu waliomwita mwizi mbele ya wateja wake. Mwalimu kwa upande wake alisema hajawahi kumwita mtu mwizi. Alisema tu kwamba jiwe la mpaka limesogea, na hawezi kuomba radhi kwa jambo analoliona kwa macho yake.

Jiwe lenyewe lilikuwa nguzo fupi ya saruji, sehemu iliyo juu ya udongo ukubwa wa mkate, kichwa cha chuma kikionekana katikati. Miaka kumi na saba iliyopita Mama Futi, mjane aliyekuwa akilea mtoto kwa cherehani, alijenga chumba cha kushonea kilichofika mpaka kwenye jiwe hilo. Ukuta ulipofika usawa wa dirisha Mwalimu alitokea na kamba, akapima, akatikisa kichwa, akasema jiwe halikuwa hapo. Mama Futi alimuuliza kama jiwe lina miguu. Wateja wawili walikuwepo. Kuanzia siku hiyo hawakusalimiana.

Mwisho wa mwezi huu Nyuki alikuwa anahamishiwa mji mwingine, miaka mitatu, kwenye hospitali mpya ya ghorofa kumi na mbili. Alitaka kuondoka na mke. Wazee walikubaliana jambo moja tu, kupitia kwa watoto wao: aitwe mpima, aseme nani mkweli, kisha ndipo neno la ndoa litajwe. Au lisitajwe kabisa.

Mpima alifanya kazi polepole. Alisimamisha chombo chake cha miguu mitatu, akachungulia, akaandika, akahama. Kwa kuwa alikuja peke yake alimwomba Nyuki ashike ncha ya pili ya futi kamba, akawa anamwelekeza kwa mkono, kushoto kidogo, rudi, hapo. Futi alimwona Nyuki akipita mara tatu juu ya sehemu ile ya ua iliyo wazi, ambapo zamani jua la mchana lilikuwa halina huruma. Mara zote tatu hakutazama chini.

Saa tano ilipokaribia, mpima alifunga daftari lake, akawaita wote. Mama Futi alitoka akasimama mlangoni mwa chumba chake cha kushonea, mkono mmoja kwenye ukuta. Mwalimu alibaki kwenye kiti chake.

"Mawe matatu yanapatana," mpima alisema. "Hili la nne, hapa penye chumba cha mama, halipatani na wenzake. Namba za zamani zinalitaka lirudi nyuma, kuelekea nyumba ya mama, zaidi ya mita mbili. Lakini kona hii ya ramani imeliwa na maji, haisomeki sawasawa. Sasa nisikilizeni. Namba zikigombana na jiwe, sisi tunaliamini jiwe. Namba huandikwa na mtu ofisini, amechoka, anataka kwenda nyumbani. Jiwe likishafukiwa halina safari. Kwa hiyo nauliza mara moja, halafu naandika. Kuna mtu anayejua kama jiwe hili limewahi kuguswa?"

Mwalimu alisema anaamini limeguswa. Mpima alimuuliza kama aliona. Mwalimu, ambaye maisha yake yote alikuwa amewakataza watoto kusema wasichokijua, alikiri kwamba hakuona. Mama Futi alisema alilikuta hapo alipojenga, na akatoa majina ya waashi wawili walio hai bado. Alisema kweli tupu, kadiri alivyoijua.

Mpima alifungua kalamu.

Hapo ndipo Futi aliposikia. Sauti nyembamba, ya puani, haina maneno. Nyuki alikuwa amesimama kwenye pembe ya chumba, futi kamba mkononi, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri lifti ifike. Alikuwa anavuma.

Basi anakumbuka, Futi aliwaza. Anakumbuka, na amejificha.

Alilipanga jambo lile kichwani jinsi alivyozoea kupanga lenzi, moja baada ya nyingine. Akinyamaza, mpima ataandika. Mama atakuwa ameshinda, na mama akishinda moyo wake utalainika, hana kinyongo cha ushindi. Chumba kitabaki, mashine itabaki dirishani. Posa itakuja wiki ijayo. Mwalimu ndiye atakayeandikwa kwamba amesumbua mjane bure miaka kumi na saba, na Mwalimu ni mtu wa kumeza uchungu. Kunyamaza kulimpa kila kitu alichokitaka.

Ila angekwenda kuishi na sauti ile. Angeisikia mezani, angeisikia chumbani, kila mkwe wake atakapokuja kuwatembelea angeisikia, maisha yote, na yeye angekuwa ndiye mtu pekee duniani anayejua maana yake.

"Limeguswa," alisema. "Nililigusa mimi."

Kuvuma kulikatika.

Alieleza bila kupandisha sauti, akimwelekea mpima, kwa sababu kumtazama mama yake kusingewezekana. Alikuwa na miaka kumi. Ilikuwa likizo, wakicheza kujificha, na mwenye kuhesabu alitakiwa kukaa juu ya jiwe lile, macho kafumba. Ndilo walilokuwa wakiliita nyumbani. Jiwe lilikuwa juani. Anayehesabu ni yule yule kila siku, mapaja yanaungua, haruhusiwi kuinuka mpaka hamsini. Yeye Futi akasema lihamishiwe kivulini, chini ya tangi la maji, ambalo siku hizo lilikuwa upande wa Mwalimu. Wakalichimba kwa michana miwili, wazee wakiwa wamelala, wakaliburuta kwa karai. Wakalifukia upya, wakalikanyagia udongo.

"Likizo ikaisha," alisema. "Tukasahau. Nilipojifunza shuleni jiwe la aina ile ni la nini, chumba kilikuwa kimeshaezekwa."

"Mimi ndiye niliyechimba," Nyuki alisema kutoka pembeni. "Yeye alikuwa hata sepetu haiwezi."

"Wazo lilikuwa langu."

"Lilikuwa kwa ajili yangu."

Walisema hayo wakitazamana, na kwa kitambo kidogo ikawa kana kwamba wengine hawapo. Macho yale Futi aliyajua kwa milimita. Hakuwahi kuyaona yakiwa yameachia hivyo, kama mtu aliyetua mzigo na bado mabega hayajaamini.

Mwalimu alikuwa ameinuka kitini.

"Ulilijua hili miaka yote?" alimuuliza mwanawe.

"Ndiyo, Baba."

"Na leo ungeacha niandikwe kuwa mzushi."

Nyuki alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati ingawa ilikuwa safi. Mwalimu alikaa tena. Alionekana mzee zaidi kuliko alivyokuwa dakika tano zilizopita.

Mama Futi aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Punde wakaisikia mashine inazunguka, mstari mrefu, bila kusimama pembeni kugeuza kitambaa. Futi aliijua sauti hiyo pia. Mama yake akiwa ameumia hukanyaga mashine tupu.

Mpima aliukuna utosi chini ya kofia. Alisema ameshasikia mengi katika kazi hii, mawe yaliyosogezwa na mafuriko, na mchwa, na shemeji, lakini hili lilikuwa jipya. Akauliza jiwe lilitoka wapi hasa. Kona ya ramani haisomeki, namba zinamwambia zaidi ya mita mbili tu, na hawezi kuchimbua ua mzima kama fuko.

"Nyayo kumi na moja," Futi alisema. "Kutoka hapa lilipo, kunyooka kuelekea mlango wa jikoni kwetu. Nilipima. Wenzetu walikuwa hawakubali nyumbani pahamishwe bila kupimwa."

"Nyayo za nani?"

"Zangu."

Wote watatu waliitazama miguu yake. Alikuwa amevaa kandambili, na vidole vyake vilijikunja vyenyewe kwa aibu.

"Mguu umekua, dada yangu," mpima alisema kwa upole. "Siwezi kuandika nyayo za mtoto ambaye hayupo. Ningejua urefu wake, walau ningejua pa kuchimba. Wapimaji wa zamani walikuwa wakifukia chupa chini ya jiwe, kichwa chini, iwe shahidi jiwe likipotea. Chupa hiyo hamkuiona?"

Hawakuiona. Walichimba mpaka jiwe likatoka, basi.

Ndani, mashine ilikuwa imesimama. Hawakujua imesimama tangu lini.

Mlango ulifunguliwa. Mama Futi alishika daftari kubwa lenye jalada la kitambaa, lile ambalo Futi alilijua tangu hajajua kusoma. Mama yake alikuwa na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la vipimo vya wateja, viuno na mabega na mikono, nalo lilikaa juu ya meza. Hili la pili lilikaa chini kabisa ya droo. Kila mwanzo wa mwaka wa shule, kabla ya kwenda kununua viatu, Futi alisimamishwa juu ya ukurasa mpya na penseli ikapitishwa kuuzunguka mguu wake, ikimtekenya kisiginoni. Tarehe iliandikwa katikati, mahali pa unyayo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mguu mkubwa wa baba yake, aliyefariki Futi akiwa na miaka saba. Hakuna mguu mwingine wa mwanamume humo ndani. Mteja aliyewahi kuomba achorwe aliambiwa, kwa heshima, aende kwa fundi viatu.

Mama Futi alifunua kurasa, akasimama kwenye mmoja, akampa mpima bila kumtazama binti yake.

"Huu ndio mwaka wenyewe," alisema. "Ndiyo likizo niliyomwona ana malengelenge viganjani. Nikadhani ni kamba ya kurukia."

Mpima aliweka rula. Sentimita ishirini na moja kamili. Akazidisha kwa kumi na moja pembezoni mwa daftari lake, akasoma alichopata, akasoma tena namba zake za asubuhi, akanyanyua nyusi. Mita mbili na sentimita thelathini na moja. Alinyoosha futi kamba kuelekea mlango wa jikoni, akachora msalaba kwa kisigino cha buti, akamwomba Nyuki sepetu.

Nyuki alichimba kwa mara ya pili maishani mahali pale pale. Udongo ulikuwa mgumu, na safari hii hakuna aliyelala. Alipofika kina cha goti sepetu ililia, ting, si jiwe. Mpima alipiga magoti mwenyewe, akafuta kwa vidole, na kitako cha chupa ya kijani kikaonekana, kimetulia, kama vile hakijawahi kusumbuliwa na mtu.

Mpima alifunga uzi kutoka hapo hadi kwenye jiwe la mpaka lililo barabarani. Uzi ulifika kwenye chumba cha kushonea, ukaingia dirishani, ukatokea upande wa pili. Kilichobaki upande wa Mama Futi kilikuwa kizingiti na shubiri chache za sakafu. Mashine, meza ya kukatia, kabati la vitambaa, vyote vilikuwa kwa jirani.

Mama Futi aliugusa uzi ule kwa kidole.

"Mama Futi," Mwalimu alisema. Jina hilo halikuwa limetoka kinywani mwake kwa miaka kumi na saba, na lilitoka kwa kukwaruza. "Mashine iko mahali pazuri. Pana mwanga. Mimi sina haraka na mita mbili."

"Mimi ninayo haraka. Sitashona kwa amani kwenye ardhi ya mtu."

"Basi ngoja mvua ziishe."

Alifikiri. "Mvua zikiisha," alikubali. Kisha: "Nilikupa mgongo, Mwalimu. Nilikupa mgongo hata kwenye msiba wa mkeo. Na wewe ndiye uliyekuwa sawa."

"Nilileta kamba mbele ya wateja wako," Mwalimu alisema. "Ningeweza kuja jioni, nikagonga mlango. Nilikuwa sawa vibaya."

Hawakupeana mikono. Mwalimu alichukua kiti chake akakisogeza hatua mbili tatu, kikawa hakijaupa mgongo upande wa pili. Mpima alisema sasa angekunywa hiyo chai, ya nyumba yoyote, na hakuna aliyecheka isipokuwa yeye.

Futi alibaki karibu na shimo. Alikuwa anangoja hukumu yake. Mama yake hakuwa mtu wa kusema mara moja. Angeweza kukaa wiki, angeweza kukaa mwezi, na mwisho wa mwezi Nyuki atakuwa ameshapanda gari. Lakini Mama Futi alimpita, akaenda kusimama mbele ya Nyuki, aliyekuwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

"Ungenyamaza wewe," alimwambia.

"Ndiyo, Mama."

"Ukamwacha baba yako aaibike."

"Nilidhani nikisema nitampoteza Futi."

"Na usiposema?"

"Huko nilikuwa sijafika, Mama."

Mama Futi aliitikia kwa kichwa, kama anayekubali kipimo alichotajiwa ingawa nguo haitapendeza.

"Nilikusikia," alisema. "Mpima alipouliza tu, ukaanza. Unadhani nilikuwa sijui nani kajificha nyuma ya pipa langu miaka yote ile? Nilikuwa nafulia juu yako, nanyamaza, nisikuharibie mchezo. Leo nikasema moyoni, huyu kaficha nini? Nikaogopa kuuliza. Kwa hiyo tulinyamaza wawili." Aligeuka kidogo upande wa binti yake, si kabisa. "Aliyesema ni mmoja."

Aliingia chumbani. Futi hakuthubutu kumfuata, lakini mlango uliachwa wazi, na baada ya kitambo sauti ikatoka ndani, ile ya kuita mteja aliyechelewa.

"Wewe Nyuki. Njoo."

Nyuki alinawa kwenye ndoo, akaingia. Futi alisimama kizingitini, mahali pekee pa chumba ambapo bado palikuwa pao. Aliona daftari la jalada la kitambaa limewekwa sakafuni, chini ya dirisha, limefunuliwa. Sio kwenye ukurasa wake. Ukurasa mpya, mweupe, baada ya wa mwisho.

"Sijasema ndiyo," Mama Futi alisema, akichonga penseli kwa kisu kidogo cha kufumulia nyuzi. "Posa ije kama zinavyokuja posa, na baba yako atangulie mbele, na nitauliza maswali. Usije ukamwambia mtu kuwa nimesema ndiyo. Vua kiatu."

Nyuki alitazama mlangoni. Futi aliyatazama macho yale, la kushoto, kisha la kulia, hakupima chochote. Nyuki alivua kiatu, akavua na soksi, ambayo ilikuwa imetoboka kidoleni, akauweka mguu juu ya karatasi.

Mama Futi alipiga magoti kwa shida, akashika kifundo kwa mkono wa kushoto, akaanza upande wa kidole kidogo. Penseli ilikwaruza polepole. Ilipofika kisiginoni, pale panapotekenya, Futi alitega sikio. Nje Mwalimu alikuwa anamimina chai. Ndani ilisikika penseli tu; Nyuki hakuwa anavuma.